Kazi ya Mzazi: kisa cha dereva aliyejiandika mjasiriamali

Nina kibanda cha steshenari Gongo la Mboto, Dar es Salaam, hatua chache kutoka stendi. Natoa kopi, nachapa barua, nafunga laminesheni, na asiyejiamini na kalamu namjazia fomu. Katika mistari yote ya fomu, unaowachelewesha watu ni ule wa "Kazi". Jina wanalitaja palepale, tarehe ya kuzaliwa wanaikumbuka hata kwa kukisia, ila wakifika kwenye kazi wanatazama pembeni. Muuza mihogo anasema niandike mfanyabiashara. Mwenye duka la maana anasema niandike mkulima, maana anaogopa kodi. Fundi ujenzi anasema, "Weka tu binafsi."

Mwaka 2023 alikuja binti mwenye fomu ya kujiunga na kidato cha tano, shule ya bweni mkoani Tabora. Alifuatana na baba yake, dereva wa daladala ya Gongo la Mboto–Makumbusho. Jina lake silitaji. Nitamwita Suka, jina ambalo stendi nzima inamwitia kila aliyeshika usukani. Kondakta wake atakuwa Konda, na mwenye gari atakuwa Tajiri, ingawa mbele utaona utajiri wenyewe ni wa jina.

"Kazi ya mzazi?" nikauliza.

"Andika mjasiriamali, dada."

Binti akamgeukia. "Baba, wewe si dereva?"

"Dereva ana mshahara. Andika mjasiriamali."

Nikaandika, nikagonga kopi mbili, wakalipa, wakaondoka. Ningekuwa nimeshasahau kama Suka asingerudi mwezi uliofuata, peke yake, mchana wa saa saba, saa ambayo dereva wa ruti ile hana sababu ya kuwa ametembea kwa miguu.

Alikuwa amenyang'anywa gari.

Ilikuwa hivi. Alimsindikiza binti Tabora, siku tatu kwenda na kurudi. Gari akamwachia deiwaka, kijana wa palepale stendi anayeshikia magari ya wenzake kwa siku. Siku ya kwanza hesabu, yaani fedha ya Tajiri ya kila siku, ilitimia. Siku ya pili deiwaka akakatisha ruti Buguruni, akapigwa faini ya 30,000, jioni akapeleka 60,000 badala ya 100,000. Siku ya tatu akakwangua kioo cha pembeni kwenye nguzo, akapeleka 50,000 na maelezo marefu. Suka alishuka basi la mkoani pale stendi ya Magufuli, Mbezi, usiku, akawasha simu, akakuta ujumbe wa Tajiri: "Baba gari nimeshampa mtu mwingine. Funguo ya akiba mwachie konda. Asante kwa yote."

Alikuwa ameliendesha gari hilo miaka mitatu na miezi miwili. Alijibu: "Sawa mama."

Nilimuuliza kwa nini hakusema zaidi ya hapo. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Ningesema nini, dada? Gari si lake?"

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nikichukue kisa hiki. Nimepitia mafunzo ya msaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hatusimami mahakamani, lakini tunashauri na kusaidia kuandaa karatasi. Nimewasikia madereva, walinzi, mabinti wa saluni na vijana wa bodaboda wakiyasema maneno hayohayo kwa sauti ileile. Gari si lake. Kiti si chake. Pikipiki si yake. Wanayasema kufunga mazungumzo, wakati kwa sheria za nchi hii mazungumzo yanaanzia hapohapo.

Nilitaka kwanza kumjua mtu mwenyewe.

Suka aliingia barabarani mwaka 1996 akiwa na miaka 19, konda wa kipanya, zile Hiace ambazo konda aliinama mgongo toka asubuhi hadi usiku. Biashara yenyewe ilikuwa bado changa. Mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa mwaka 1983, baada ya UDA, shirika la mabasi la mji, kushindwa kubeba mji uliokuwa unafura, na jina daladala linatokana na nauli ya siku zile, sarafu ya shilingi tano, "dala". Suka alijifunza gari usiku, wakati wa kulilaza, dereva wake akimwachia usukani mita mia mbili za mwisho. Alipata leseni, akapewa gari la kwanza ruti ya Kimara–Posta. Alikaa huko mpaka Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kubeba abiria kati ya Kimara na Kivukoni na daladala za Barabara ya Morogoro zikaondolewa. Akahamia huku kwetu. Wenzake wawili walichukuliwa kuendesha mwendokasi, wana sare na likizo. Nilidhani anawaonea wivu. "Wana njia yao peke yao, imejengewa ukuta," alisema. "Hiyo nayo ni kuendesha?"

Hapo nikaelewa kwamba mtu huyu anaipenda kazi yake. Muulize Tazara saa moja asubuhi anapitaje, atakueleza kwa mikono yote miwili, mguu unakanyaga klachi ambayo haipo. Anajua mshono wa lami unaopiga tairi karibu na Jeti. Anajua abiria wake wa saa kumi na moja alfajiri kwa siti zao: muuguzi wa zamu anayelala mpaka Buguruni, mama wa samaki anayewahi Feri, ambaye ndoo yake inakaa karibu na injini na hakuna anayelalamika kwa sababu wameshamzoea. "Alfajiri mji ni wako," aliniambia. "Saa mbili wanakunyang'anya."

Anachokichukia si kazi, ni namna anavyotazamwa akiifanya. Anachukia kuitwa mhuni na mtu aliyemfikisha salama. Anachukia siku za hesabu ngumu, anapolazimika kuwaacha wanafunzi kituoni kwa sababu denti analipa 200 na siti ni ileile. Hili alilisema akiangalia chini, maana binti yake naye alikuwa denti wa kuachwa vituoni. Na anauchukia msemo wa "kazi ni kazi, bora mkono uende kinywani". Mimi pia siupendi. Sijawahi kumsikia mtu akijisemea mwenyewe kwa furaha. Husemwa kumnyamazisha anayelalamika.

Konda, kijana wa miaka 24, ana hisia zake. Anachezesha sarafu kiganjani ili hata ukisinzia ujue nauli inasubiriwa, noti kazikunja kwa urefu katikati ya vidole, mguu mmoja ndani na mwingine hewani. Anasema kazi hii anapita tu. Suka akacheka. "Na mimi nilisema hivyohivyo tisini na sita."

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu bila hesabu kisa hiki hakieleweki.

Tajiri hamlipi Suka. Suka ndiye anampelekea Tajiri shilingi 100,000 kila siku ya kazi, kwa simu, usiku gari likishalala. Kinachobaki baada ya mafuta na mengineyo ndicho chao, yeye na Konda. Daladala nyingi za Dar zinakwenda hivyo. Matteo Rizzo, mtafiti aliyewafuatilia wafanyakazi hawa tangu miaka ya 1990, alikuta karibu wote wanaendesha magari ya watu wengine, bila mkataba, kwa siku za wastani wa saa 15. Nilipomwambia Suka hilo akahesabu kwa vidole: saa kumi na nusu alfajiri anatoa gari, saa nne usiku analilaza, katikati deiwaka anamshikia saa mbili na nusu. Saa 15 kamili. Akashangaa kwamba mzungu alijuaje.

Suka ana daftari, si la biashara, ni la madeni ya Konda, lakini anaandika kila kitu. Nilimwomba anisomee wiki moja ya kabla ya safari. Jumatatu walikusanya 298,000. Mafuta 118,000, hesabu 100,000, ushuru na wapiga debe 14,000, chakula cha watu wawili 12,000, kuosha gari 5,000, na "ya barabarani" 5,000, ambayo hakuifafanua nami sikuuliza. Zikabaki 44,000. Konda akachukua 17,000, Suka 27,000.

Jumatano ilinyesha. Makusanyo 221,000. Foleni ilikula mafuta ya 110,000 kwa tripu chache. Hesabu ikabaki 100,000, maana mvua si habari ya Tajiri. Wapiga debe 9,000, chakula 8,000, kuosha tope 5,000. Ukijumlisha utaona shilingi 11,000 zimepungua. Suka alizitoa nyumbani. Nilimfanya airudie hiyo mara mbili: aliendesha saa 15, kisha akaongezea fedha yake juu, na Konda akarudi mikono mitupu.

Siku sita za wiki ile zilimpa Suka 27,000, 22,000, hasara ya 11,000, 19,000, 31,000 na 25,000. Jumla 113,000. Ukizipeleka kwa mwezi unapata kama 490,000, bila likizo, bila michango ya NSSF, na bila jina lake kuwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kama angevunjika mguu. Saa zake 90 kwa wiki ni mara mbili kamili ya saa 45 za kawaida zinazoruhusiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Watu wakiona hesabu hii huniambia basi Suka ni mfanyabiashara kweli, anabeba faida na hasara. Ni hoja yenye uzito, na ndiyo aliyokuja nayo Tajiri. Lakini tazama hatari imekaa wapi. Mvua ni ya Suka. Foleni ni ya Suka. Faini ni ya Suka. Bei ya mafuta ikipanda, ya Suka. Tajiri anabeba injini, giaboksi, bima, leseni ya usafirishaji na tairi, mambo makubwa kweli, ila hesabu yake haitikisiki kwa siku. Na mfanyabiashara mwenye hasara anaweza kuamua kesho asifungue. Suka asipotoa gari siku moja, simu inalia.

Nikafungua Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Ni kifungu kifupi ambacho ningetamani kipakwe rangi kwenye ukuta wa kila stendi. Kinasema anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitike vinginevyo, hata mkataba wao ukiitwa jina lolote, endapo lipo angalau jambo moja kati ya saba. Linatosha moja: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, kwa miezi mitatu iliyopita amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, amepewa vifaa vya kazi, anamfanyia kazi mtu mmoja tu.

Saa 45 kwa mwezi! Suka akianza Jumatatu, anazimaliza Jumatano usiku.

Nilimsomea polepole. Nilipofika kwenye vifaa vya kazi akanizuia. "Vifaa ndiyo gari?"

"Ndiyo gari."

"Kwa hiyo gari kuwa lake..."

"Gari kuwa lake ndiko kunakokufanya wewe uwe mfanyakazi wake."

Alikaa kimya muda mrefu kidogo. Nje mpiga debe alikuwa anaita Makumbusho, Makumbusho, siti zipo, na siti hazikuwepo.

Sikutaka kumpa matumaini ya bure, kwa hiyo nikamwonyesha pia palipo laini. Konda alitafutwa na Suka mwenyewe, na Suka ndiye anayemlipa. Ruti inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, si Tajiri. Deiwaka alimweka yeye, bila kuomba ruhusa kwa maandishi. Mwanasheria mzuri wa upande wa pili angevishika vitu hivi vitatu na kusema huyu ni mtu aliyekodi gari tu. Na kulikuwa na karatasi: mwaka 2020 Suka alisaini kitu alichoambiwa ni cha leseni ya gari, hakupewa nakala, hajui kiliandikwa nini. Hapo sheria inamsaidia. Kesi ikifika mbele ya waamuzi na mwajiri akashindwa kuleta mkataba au maelezo ya kazi kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unakuwa wake.

Jambo lililonitia wasiwasi zaidi ni kalenda. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Suka alikuja siku ya 22. Siku zote hizo alikuwa anapiga deiwaka na kusubiri Tajiri apoe hasira. Watu wengi wanapotelea hapo.

Ushahidi ulikuwa mfukoni mwake. Miaka mitatu ya miamala ya simu, kila usiku wa kazi, kwenda namba moja, kiasi kilekile. Tulichapa kurasa nyingi kiasi kwamba niliishiwa wino mweusi, nikamalizia kwa bluu. Fomu Namba 1 ya Tume tuliijaza siku ya 25, na nakala akampelekea Tajiri mwenyewe kwa mkono. Aliipokea mlangoni, akamkaribisha chai. Hakunywa.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshamchora Tajiri kichwani: bibi wa mapato, magari matano, dhahabu mkononi. Siku ya usuluhishi akaingia mama wa miaka sitini na kitu, viatu vya mpira, faili la plastiki, kijana wake nyuma. Ni muuguzi mstaafu. Gari ni hilo moja, Coaster kuukuu aliyoinunua kwa kiinua mgongo, akaongezea mkopo ambao bado anaulipa. Aliniambia baadaye kwenye benchi la nje kwamba tangu alinunue hajalala kabla ya saa nne usiku, anasubiri ujumbe wa fedha na ujumbe wa "limelala". Alifanya kazi wodini miaka zaidi ya thelathini na aliipenda. Hii ya gari haipendi hata kidogo. "Naogopa simu," alisema. "Ikiita mchana najua ni giaboksi au ni mtu amekufa."

Hayo hayafuti alichofanya. Ila nayaweka hapa kwa sababu uchambuzi mwingi wa mambo ya daladala unamchora mwenye gari kama bepari wa katuni, na mjini hapa kati ya wenye magari wamo walimu, wauguzi na askari wanaojitafutia uzee.

Ndani, mpatanishi alimpa nafasi. Akasema Suka si mfanyakazi wake, alimwachia tu gari ajitafutie, na kwamba alilichukua kwa sababu uaminifu umeisha. Ili kuonyesha uaminifu ulivyoisha akafungua simu, akaanza kusoma meseji alizowahi kumtumia. Tarehe hii nilikwambia usilaze gari Ulongoni, ulaze nyumbani kwangu. Tarehe hii nilikwambia usibebe watu wa harusi bila kunitaarifu. Tarehe hii nilikwambia rudi saa tatu, kuna fundi. Tarehe hii nilikwambia huyo konda simtaki, mbadilishe.

Mpatanishi akamwacha asome mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole, kama mtu aliyejitafutia mwenyewe huwa anaambiwa alaze gari wapi na amfukuze nani. Kijana wa Tajiri akamshika mama yake mkono. Kwenye lile la konda, hoja niliyoiogopa kuliko zote ilikuwa imekufa, na aliyeiua ni mama mwenyewe.

Wakaanza kuzungumza fedha. Kwa sheria ilivyokuwa mwaka ule, mwamuzi wa Tume akiona mtu ameachishwa isivyo halali angeweza kuamuru fidia isiyopungua ujira wa miezi 12. Kwa wastani wa 490,000 hiyo ingekuwa 5,880,000. Lakini ujira gani? Suka hana hati ya mshahara. Miamala inathibitisha alichompa Tajiri, haithibitishi kilichobaki. Kilichobaki kiliandikwa kwenye daftari lenye doa la mchuzi, pembeni ya madeni ya Konda. Huu ndio ugumu wa kazi hizi, na hata anayeshinda hoja ya ajira anajikwaa hapa: fedha ya mwenye mali inaacha nyayo kila usiku, ya mfanyakazi inaishia sokoni.

Kijana akatoa pendekezo la 1,800,000 na kila mtu ashike njia yake. Mpatanishi akamuuliza Suka kama kuna kingine anachodai.

"Nataka barua," akasema. "Ya kwamba nilikuwa dereva wake."

Kijana akakataa. Nadhani aliogopa barua ingekuja kuamsha madai ya michango. Wakavutana, wakatoka nje, wakarudi: ama 1,800,000 bila barua, ama 1,500,000 na barua. Nilimvuta Suka pembeni nikamwambia achukue fedha. Hati ya utumishi ni haki yake kwa ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kila mwajiri anapaswa kuitoa ajira ikikoma, haiwezekani mtu ainunue kwa laki tatu. Akasema, "Dada, wewe umesoma. Mimi naijua hii familia. Nikitoka hapa bila barua, barua siipati tena."

Akachukua barua. Mpaka leo naona tulipoteza laki tatu ambazo hazikupaswa kupotea, na nilimwambia hivyo tukiwa njiani kurudi. Hakubishana. Alikuwa anaisoma ile karatasi, mistari minne ya mwandiko wa muuguzi, mwandiko mzuri ambao nadhani umejaza mafaili mengi ya wagonjwa: kwamba aliyetajwa hapo juu alifanya kazi kwangu kama dereva kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, ni mtu mwangalifu, hakuwahi kupata ajali. Lile la ajali hakuna aliyemwomba aliandike.

Nimeona wanaharakati wakicheka vitu kama hivi. Fedha ndiyo hoja, wanasema, karatasi ni kujifariji. Suka mwenyewe si mgeni wa harakati. Alikata kadi ya UWAMADAR, chama cha madereva na makondakta kilichoanza 1997, mwaka wake wa pili kazini, na alipaki gari kwenye mgomo wa madereva wa Aprili 2015, ambapo moja ya madai ilikuwa mikataba ya ajira. Miaka yote hiyo alikuwa anadai mkataba wa mwanzo wa kazi. Akaja kuupata mwishoni, kama cheti cha marehemu. Hilo la marehemu ni lake, si langu, alilisema akicheka.

Niliifunga laminesheni siku hiyohiyo. Alinilipa buku, nikakataa, akaiacha mezani.

Sasa anaendesha gari lingine, ruti ileile, mwenye gari mwingine. Hesabu imepanda, 110,000. Mkataba hana. Nilimuuliza kama aliuomba, akasema aliuomba siku ya kwanza, akaambiwa "tutaangalia", na binti alikuwa anahitaji nauli ya likizo, kwa hiyo akapokea funguo. Barua iko kwenye dashibodi, nyuma ya leseni. Konda alimuuliza kama trafiki wanaikubali.

Kitu kimoja tu amekibadilisha. Kila usiku gari likilala, anatuma fedha, kisha anatuma na ujumbe. Aliniletea simu nione kama ameuandika sawasawa: "Leo makusanyo 287,000. Mafuta 115,000. Hesabu yako 110,000 nimetuma. Stendi na chakula 24,000. Imebaki 38,000 mimi na konda. Nimeanza saa 10:30, nimelaza saa 4:10."

Chini yake palikuwa na jibu la mwenye gari: "Sijakuuliza hayo."

Chini ya jibu, ujumbe wa kesho yake, wenye mistari ileile na tarakimu nyingine. Na wa kesho kutwa yake.